Nishani za jenerali, mzigo wa wapagazi

Huko Ujerumani, kwa miaka mingi jina lake liliandikwa kwenye malango ya kambi za jeshi na kwenye vibao vya barabara. Vijana walisoma kitabu chake. Walimwita Simba wa Afrika, jenerali ambaye hakushindwa. Huyo ni Paul von Lettow-Vorbeck, ofisa aliyeongoza vita vya Wajerumani katika Afrika Mashariki tangu 1914 hadi 1918, na aliyevishwa Pour le Mérite, nishani iliyokuwa ya juu kabisa ya ushujaa wa vitani katika jeshi la Prussia.

Kwetu huku ni wachache wanaomjua. Nimewauliza wafanyabiashara wanaovuka Kobero kwenda Kabanga, na wengi wamenijibu kwamba jina hilo hawajalisikia. Mzee mmoja tu alikumbuka kwamba baba yake alikuwa akisimulia habari za "vita vya Wadachi" na njaa iliyofuata. Hata hivyo, kila anayevuka mpaka huo, au ule wa Rusumo, au anayepakia dagaa na mafuta ya mawese kwenye Ziwa Tanganyika, anakanyaga matokeo ya vita vile. Ndiyo maana leo napenda tuyafungue maisha ya ofisa huyu. Sitaki kumsifu wala kumtukana. Nataka tumsome kama muuza duka anavyosoma daftari la mikopo: nani alitoa nini, nani alilipwa, na nani alibaki akidai.

Alizaliwa 20 Machi 1870 katika mji wa Saarlouis, mtoto wa familia ya kikabaila ambayo wanaume wake kazi yao ilikuwa jeshi. Baba yake alifikia cheo cha jenerali. Kijana akapita vyuo vya jeshi kama ilivyotarajiwa, akawa ofisa, na mwaka 1900 akapelekwa China pamoja na majeshi ya mataifa makubwa yaliyokwenda kuzima uasi wa Wachina dhidi ya wageni. Huko alijifunza jinsi jeshi lenye silaha nzuri linavyoweza kusumbuliwa na watu wachache wanaoijua nchi yao.

Mwaka 1904 alipelekwa nchi ambayo leo ni Namibia. Hapa inabidi tusimame kidogo, kwa sababu wanaomsifu hupenda kupita haraka. Waherero walikuwa wameinuka kuitetea ardhi yao. Kamanda wa Wajerumani, Lothar von Trotha, tarehe 2 Oktoba 1904 alitoa amri kwamba kila Mherero atakayeonekana ndani ya mipaka ya koloni apigwe risasi. Maelfu walisukumwa jangwani, wakafa kwa kiu. Lettow-Vorbeck alikuwa katika ofisi ya kamanda huyo, msaidizi wake wa karibu. Mwaka 2021 serikali ya Ujerumani yenyewe ilitamka kwamba yaliyofanyika kule yalikuwa mauaji ya kimbari. Sisi wa nchi za Maziwa Makuu neno hilo hatuhitaji kufafanuliwa.

Baadaye alipigana na Wanama, ambao hawakukubali kupambana uwanjani. Walipiga na kutoweka, wakateka ng'ombe, wakapita mpaka na kurudi. Mwaka 1906 alijeruhiwa na jicho la kushoto likaharibika, akapelekwa Afrika Kusini kutibiwa. Kwa maoni yangu somo la Wanama ndilo alilokuja kulitumia kwetu. Mbinu ambayo Ulaya ilimsifu nayo kama fikra yake mwenyewe, wenyeji wa Afrika walikuwa wameshamwonyesha, tena kwa gharama ya jicho lake.

Alifika Dar es Salaam Januari 1914, akiwa luteni kanali wa miaka 43. Jeshi alilokabidhiwa lilikuwa dogo: makampuni 14, Wajerumani wasiozidi mia tatu na askari Waafrika wapatao 2,500. Nchi ilikuwa kubwa kuliko Ujerumani yenyewe, maana ilijumuisha Tanganyika, Rwanda na Burundi. Miezi michache kabla ya vita aliizunguka, akakagua vituo na kujifunza njia.

Vita vilipoanza Agosti 1914, gavana Heinrich Schnee alitaka koloni likae kando. Alijua kwamba miaka isiyofika kumi ilikuwa imepita tangu Maji Maji, na kwamba watu wa kusini walikuwa bado hawajapona. Lettow-Vorbeck hakutaka kusikia. Hesabu yake ilikuwa rahisi: koloni haliwezi kuokolewa, lakini kila askari wa Mwingereza atakayefungwa Afrika ni askari mmoja pungufu huko Ufaransa. Ukiisoma vizuri hesabu hiyo, ndugu msomaji, utaona kwamba nchi zetu hazimo kabisa. Ilikuwa hesabu ya Ulaya, iliyolipwa kwa mali ya watu wengine.

Ushindi wake mkubwa ulikuwa Tanga, Novemba 1914. Waingereza walileta kwa meli jeshi la watu wapatao 8,000, wengi wao Wahindi, wakaegesha bandarini bila haraka. Lettow-Vorbeck akateremsha askari wake kwa treni kutoka upande wa Moshi. Aliokuwa nao walikuwa kama elfu moja tu, lakini walikuwa wamejipanga. Siku ya tarehe 4 wavamizi waliingia kwenye mashamba na mitaa, wakapigwa kwa bombom, na nyuki waliovurugwa mizinga yao wakaongeza tabu. Waingereza waliporudi melini waliacha mamia ya bunduki, bombom 16 na risasi laki sita. Kwa muda mrefu baadaye askari wa Mjerumani walipigana kwa risasi za Mwingereza.

Januari 1915 alishinda tena Jassin, karibu na mpaka wa Kenya, lakini alipohesabu maofisa waliokufa na risasi zilizotumika aliona kwamba ushindi wa namna ile mara mbili tatu ungemmaliza. Akabadili njia. Akawa anatuma vikundi vidogo kulipua reli ya Uganda, kupiga na kurudi.

Wakati huo huku magharibi kulikuwa na vita vingine ambavyo vitabu vya Ulaya huvitaja kwa mstari mmoja. Wajerumani waliteka kisiwa cha Idjwi katika Ziwa Kivu Septemba 1914. Katika Ziwa Tanganyika meli zao zilitawala hadi Waingereza walipoleta maboti mawili yenye injini, yakapitishwa nchi kavu Kongo. Huko Kigoma, Wajerumani waliunganisha meli iliyokuja vipande vipande kutoka Papenburg, wakaiita Graf von Götzen. Walipoona wanaondoka, Julai 1916, waliizamisha wenyewe, baada ya kuipaka mashine zake grisi ili zisioze. Waingereza waliiibua 1924, na ilipoanza kazi tena 1927 ikapewa jina la Liemba. Ndiyo hiyo hiyo. Mei 2015, ndugu zetu walipokimbia Burundi na kurundikana Kagunga bila maji wala choo, ilikuwa Liemba iliyowabeba hadi Kigoma. Meli ya vita vya Wadachi, miaka mia moja baadaye, ikibeba wakimbizi wa vita vyetu.

Mwaka 1916 mambo yaligeuka. Jenerali Smuts wa Afrika Kusini alishuka kutoka Kenya na jeshi kubwa. Wabelgiji nao wakaingia kutoka Kongo chini ya Jenerali Tombeur: Kigali wakaichukua Mei, Usumbura na Kitega Juni, na Tabora 19 Septemba. Hivyo ndivyo Rwanda na Burundi zilivyobadilishiwa bwana ndani ya miezi michache, bila mwami yeyote kuulizwa.

Tangu hapo maisha ya Lettow-Vorbeck yalikuwa safari. Alirudi nyuma hadi Rufiji, kisha Lindi, akipigana kila anapoweza. Tarehe 4 Novemba 1916 Kaisari alimtunukia Pour le Mérite, na Oktoba 1917 akaongezewa majani ya mwaloni, ambayo ni daraja la juu zaidi la nishani hiyo. Katikati ya mwezi huohuo alipigana Mahiwa, siku nne za umwagaji damu. Waingereza walipoteza watu wapatao 2,700 kati ya wasiofika 5,000. Yeye alipoteza mia tano na zaidi, akapandishwa cheo kuwa meja jenerali. Lakini hao mia tano hakuwa na mahali pa kuwapata tena, na mwezi uliofuata ofisa wake Tafel, aliyekuwa akija kuungana naye, alijisalimisha na askari zaidi ya elfu moja kwa kukosa chakula. Tarehe 25 Novemba 1917 Lettow-Vorbeck alivuka mto Ruvuma kuingia Msumbiji, akawapiga Wareno pale Ngomano siku ileile na kujaza ghala lake kwa bunduki na chakula chao. Wanaosema hakushindwa wanasahau kwamba siku aliyovuka mto ule hakuwa na hata kijiji kimoja alichokuwa ametumwa kukilinda.

Sasa tufungue ule ukurasa wa daftari ambao kwenye sherehe hausomwi.

Jeshi lile lilitembea kwa miguu, na mbung'o waliua farasi na nyumbu. Kila kisanduku cha risasi, kila gunia la mtama, kila kipande cha mzinga kilikwenda kichwani au begani mwa mtu. Mpagazi alibeba kilo 25 au zaidi, siku baada ya siku, kwa chakula kidogo kuliko cha askari. Hata mizinga ya meli ya Königsberg, iliyozamishwa Rufiji Julai 1915, iling'olewa na kuvutwa porini na mamia ya watu. Wengine waliajiriwa, wengi walikamatwa vijijini. Walipochoka wakaachwa, na wengine wakakamatwa mbele ya safari.

Waingereza na Wabelgiji walifanya vivyo hivyo, tena kwa wingi zaidi kwa sababu majeshi yao yalikuwa makubwa. Kikosi chao cha wapagazi, Carrier Corps, ndicho kilichozaa jina la Kariakoo, Dar es Salaam, mahali ambapo wengi wenu mnanunua vitenge na vipuri, na pia Kariokor ya Nairobi. Kwa upande wa Waingereza peke yao idadi inayotajwa sana ya wapagazi waliokufa ni kama 95,000, wengi kwa kuhara, malaria na njaa. Katika Afrika Mashariki ya Kijerumani wanahistoria wanakadiria kwamba raia wapatao 300,000 walikufa, maana kila jeshi lililopita lilikula akiba na mbegu. Dodoma, Wagogo waliipa njaa ile jina la Mtunya. Kaskazini magharibi mwa Rwanda wanaiita Rumanura. Daktari mmoja wa jeshi la Lettow-Vorbeck, Ludwig Deppe, alikuja kukiri katika maandishi yake kwamba nyuma yao waliacha mashamba yaliyoharibika na watu wenye njaa. Huyo alikuwa mtu wao, si adui.

Kuhusu malipo, wafanyabiashara watanielewa upesi. Koloni lilizungukwa baharini, fedha hazikuingia. Wajerumani wakachapa noti za muda Dar es Salaam, na baadaye, walipoishiwa, wakapiga noti za rupia moja kwa herufi za mpira kama mihuri. Tabora, katika karakana ya reli, walitengeneza mwaka 1916 sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo, zaidi ya elfu kumi na sita, kwa dhahabu ya Sekenke. Leo watoza sarafu wa Ulaya wanazigombania. Lakini mkulima aliyechukuliwa mtama wake hakupewa tembo wa dhahabu. Alipewa karatasi, kama alipewa kitu, na vita vilipoisha Mwingereza hakuzitambua karatasi hizo. Kitu kimoja kutoka fedha za Wadachi ndicho kimebaki mifukoni mwetu, nacho ni jina: tunaposema "sina hela", tunataja heller yao, ile senti ya rupia.

Mwaka mzima wa 1918 alizunguka Msumbiji, akashuka hadi Namacurra karibu na Quelimane, akageuka, akarudi Tanganyika mwishoni mwa Septemba na kuingia nchi ambayo leo ni Zambia. Alikuwa karibu na mto Chambeshi, katikati ya Novemba, alipopata habari kwamba vita vya Ulaya vimesimama tangu tarehe 11. Tarehe 25 Novemba 1918 alikabidhi silaha Abercorn, mji unaoitwa Mbala leo. Alikuwa na Wajerumani 155, askari 1,168 na wapagazi kwa maelfu, pamoja na wanawake na watoto waliofuata msafara. Bunduki nyingi walizozitua chini zilikuwa za Waingereza na Wareno.

Tumpe haki yake: aliomba fedha za kuwalipa askari mishahara yao ya nyuma, asipewe. Wakaandikiwa vyeti vya kile wanachodai. Baadhi walikuja kulipwa miaka kadhaa baadaye. Yeye alirudi Ujerumani na Machi 1919 akapita juu ya farasi chini ya Lango la Brandenburg, Berlin, huku umati ukishangilia.

Baada ya hapo nyota yake ilififia. Mwaka 1920 aliunga mkono Uasi wa Kapp dhidi ya serikali iliyochaguliwa, na hilo likamtoa jeshini. Mwaka huohuo alitoa kumbukumbu zake za vita pamoja na kitabu cha vijana kiitwacho "Heia Safari!". Alikaa bungeni tangu 1928 hadi 1930 kwa chama cha kizalendo cha mrengo wa kulia. Mwaka 1929 alialikwa London akala chakula na Smuts, adui yake wa zamani. Wakubwa hupatana. Katika Vita vya Pili vya Dunia alipoteza wanawe wote wawili. Mwaka 1953 alirudi kuitembelea Afrika Mashariki, na askari wazee wakaja kumpokea. Wapo wanaotumia mapokezi hayo kama ushahidi kwamba Waafrika walimpenda. Inawezekana wale walimpenda kweli. Askari aliyekula na kulala porini na kamanda wake miaka minne ana yake ya kusema. Ila aliyechomewa ghala hakuwamo kwenye foleni ya mapokezi.

Mipaka iligawiwa mezani. Mwaka 1919 Waingereza na Wabelgiji walipatana: Tanganyika kwa Mwingereza, Rwanda na Burundi kwa Mbelgiji. Kipande cha Kionga kusini ya Ruvuma kikapewa Wareno. Gisaka, upande wa mashariki wa Rwanda, kilikatwa kwanza kwa ajili ya reli ambayo Mwingereza aliiota, kikarudishwa 1924 baada ya malalamiko. Bugufi, iliyokuwa ya mwami wa Burundi, haikurudi. Ipo hadi leo katika Wilaya ya Ngara, Tanzania, na watawala wa Burundi waliidai kwa miaka mingi bila kufanikiwa.

Mimi niliishi ukimbizini katika kambi za Ngara kabla ya kurudi nyumbani, na nakumbuka tulivyoshangaa siku za kwanza. Tulikuwa tumejiandaa kuishi ugenini, lakini Wahangaza waliokuja kutuuzia ndizi walizungumza nasi, nasi tukajibu, bila kutafuta mkalimani. Mama mmoja alicheka akasema kumbe tumekimbilia kwa shangazi. Hakuna aliyetueleza wakati ule kwamba mstari uliopo kati ya Kobero na Kabanga ulichorwa kwa sababu ya vita vya Mjerumani na Mwingereza.

Wafanyabiashara nao wana urithi wao. Kwa kuwa Mbelgiji alipata nchi zisizo na bahari, mwaka 1921 alikubaliana na Mwingereza kupewa sehemu za bandari Dar es Salaam na Kigoma, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka, ili mizigo ya Kongo, Rwanda na Burundi ipite bila kutozwa ushuru wa Tanganyika. Watu wakaziita Belbase. Kila makaratasi ya mizigo ya kupita unayogongewa mhuri leo yana babu yake pale.

Lettow-Vorbeck alifariki Hamburg 9 Machi 1964, akiwa na miaka karibu 94. Waziri wa Ulinzi aliyemzika, Kai-Uwe von Hassel, alikuwa mzaliwa wa Gare, kwenye milima ya Usambara. Katika Ujerumani ya leo jina la jenerali limekuwa likiondolewa: kambi ya Leer ilibadilishwa jina, na mjini Hannover barabara iliyokuwa yake sasa inaitwa Namibia.

Mwaka huohuo wa 1964 bunge la Ujerumani Magharibi liliamua kuwapa malipo askari wake waliokuwa bado hai. Inasimuliwa kwamba mtu wa benki alitumwa Mwanza, na wazee wapatao 350 wakajitokeza. Wachache sana walikuwa na vile vyeti vya 1918. Wengine walileta vipande vya sare. Basi yule mtu akachukua ufagio, akampa kila mzee kwa zamu, akatoa amri za gwaride kwa Kijerumani kana kwamba ufagio ni bunduki. Wanasema hakuna hata mmoja aliyekosea. Malipo yale yalikuwa ya askari. Wapagazi hawakuitwa Mwanza.